Metali nzito katika vyakula vya mifugo: chanzo, dalili na hatari kwa wafugaji wa Bukoba na Muleba

Risasi, zebaki, kadimiamu na arseniki ni miongoni mwa metali nzito ambazo, tofauti na chuma, shaba au zinki, mwili wa ng'ombe au kuku hauzihitaji kwa kazi yoyote. Zinapoingia mwilini kwa njia ya chakula au maji, sehemu hutolewa kwa kinyesi na sehemu hubaki katika ini, figo na mifupa. Kiasi kingine hupita katika maziwa na mayai. Metali hizi haziozi, na kuchemsha maziwa au kupika nyama hakuziondoi. Kwa sababu hiyo, uchafuzi wa chakula cha mifugo ni suala la afya ya jamii kwa kiwango kile kile ulivyo suala la mfugaji.

Katika Wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, ng'ombe wengi wa maziwa hufugwa bandani. Hulishwa matete yaliyokatwa, maganda ya ndizi, pumba za mahindi na mashudu, huku kuku wakipewa pumba zilizochanganywa na dagaa. Ng'ombe wa namna hii hachagui anachokula. Karibu kila kinachoingia tumboni mwake kimepita mikononi mwa binadamu, na hapo ndipo hatari huanzia na ndipo inapoweza kuzuiwa.

Hofu inayotajwa mara nyingi kando ya Ziwa Victoria ni ile ya zebaki, kutokana na matumizi yake katika kunasia dhahabu kwenye machimbo madogo ya Geita na Biharamulo, jirani kabisa na Muleba. Hofu hiyo ina msingi, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Hata hivyo, tafiti zilizofanyika tangu miaka ya 1990 zimeonesha kwamba kwa ujumla zebaki katika samaki wa Ziwa Victoria iko chini ya kikomo cha miligramu 0.5 kwa kilo. Dagaa, ambaye ni mdogo na huishi muda mfupi, hulimbikiza kidogo kuliko sangara anayekula samaki wenzake. Tatizo la dagaa wa kulishia kuku mara nyingi si ziwa lenyewe bali mahali alipoanikwa: anayefagiliwa pamoja na mchanga na takataka za mwaloni huja na chochote kilichomwagika hapo. Dagaa aliyekaushwa kwenye vichanja ni salama zaidi, na ziada ya bei yake ni ndogo kuliko gharama ya kupoteza kuku wa mayai.

Risasi ndiyo inayostahili kuogopwa zaidi, na chanzo chake kikuu kwa ng'ombe kimo nyumbani. Betri chakavu za magari, pikipiki na mitambo ya umeme wa jua hutupwa nyuma ya banda au kupasuliwa ili kutoa risasi ya kutengenezea vizamio vya nyavu. Ng'ombe ni mnyama mdadisi. Hulamba anachokikuta, na chumvi za risasi zina ladha tamu. Ndama huweza kufa kwa dozi moja ya kati ya miligramu 400 na 600 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa ndama wa kilo 50 hiyo ni gramu 20 hadi 30 tu, ilhali betri moja ya gari hubeba kilo kadhaa za risasi. Vyanzo vingine ni rangi za zamani zinazobanduka kwenye mbao za hori, mafuta machafu ya injini, na majivu ya mbao zilizopakwa rangi au ya takataka zilizochomwa. Majani yanayokatwa kando ya barabara kuu nayo yana historia yake: petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, lakini risasi iliyokwisha kutua katika udongo haikuondoka nayo.

Dalili za sumu ya risasi huchanganya hata wataalamu. Mnyama hupofuka ghafla, husaga meno, hutokwa na mate, hutetemeka misuli ya uso na masikio, huzunguka ovyo au kusukuma kichwa ukutani. Wengine huvimbiwa na kukosa choo, kisha huharisha. Ndigana kali inapofika kwenye ubongo huleta picha inayofanana na hiyo, na kichaa cha mbwa vilevile. Kwa hiyo mfugaji asiingize mkono mdomoni mwa mnyama wa namna hiyo kwa kudhani amekabwa na kitu. Amtenge, aondoe chakula na maji yanayotiliwa shaka, kisha amwite daktari wa mifugo. Tiba ipo, ikiwamo dawa ya sindano inayonasa risasi katika damu, lakini hufaa pale tu inapowahi.

Jambo gumu zaidi hutokea saa chache baadaye. Ng'ombe anapoonekana hatapona, shinikizo la kumchinja kabla hajafa huwa kubwa, kwa kuwa ndiye akiba ya familia na wanunuzi hawakosekani. Nyama ya mnyama huyo, hususan ini, figo na mifupa ya supu, ndiyo yenye mzigo mkubwa wa sumu. Vivyo hivyo, maziwa ya ng'ombe wenzake waliolamba chanzo kile kile bila kuonesha dalili hayafai kunywewa wala kuuzwa hadi yapimwe. Kikomo cha kimataifa cha Codex kwa risasi katika maziwa ni miligramu 0.02 tu kwa kilo, kwa kuwa watoto wadogo ndio wanaoathirika zaidi katika ubongo. Nchini Uingereza mifugo iliyofikiwa na risasi kwa kawaida huzuiwa kwa wiki 16 kabla ya kuingia sokoni. Hakuna anayependa kusikia hivyo kuhusu ng'ombe wake pekee anayekamuliwa.

Kadimiamu hutenda polepole. Huja zaidi kupitia mbolea za fosfeti na virutubisho vya madini visivyo na ubora, na katika figo za binadamu huweza kukaa kati ya miaka 10 na 30. Kwa wakulima wa Kagera ina njia ya pekee. Samadi ya ng'ombe hurudishwa kwenye kibanja kulisha migomba, na maganda ya ndizi hurudi tena kwa ng'ombe. Mzunguko huu ndio uliotunza rutuba ya vibanja vya Wahaya kwa vizazi vingi, lakini ukiingiza metali nzito nao huzungushwa humo humo. Aidha, Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na udongo wake umekuwa wenye tindikali. Katika udongo wa aina hiyo mimea hufyonza kadimiamu kwa urahisi zaidi.

Nchi nyingine zimekwisha kupata funzo. Mwaka 1989, malighafi iliyochafuliwa na risasi ilichanganywa katika chakula cha ng'ombe nchini Uholanzi na Uingereza, na zaidi ya mashamba 1,000 yaliwekewa vizuizi. Mwaka 2010, katika Jimbo la Zamfara nchini Nigeria, mawe ya dhahabu yenye risasi nyingi yalisagwa ndani ya maboma ya watu. Mifugo ilikufa, na zaidi ya watoto 400 walipoteza maisha.

Hapa nchini, ubora wa vyakula vya mifugo husimamiwa kwa Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, pamoja na viwango vya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mnunuzi ana haki ya kuona jina la mtengenezaji, viambato na tarehe kwenye mfuko, na ni vema atunze kipande cha mfuko huo pamoja na risiti. Anayeshuku uchafuzi aanze kwa afisa mifugo wa kata, ambaye huwasiliana na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), yenye kituo Mwanza. Sampuli ya chakula, angalau nusu kilo, ichukuliwe kutoka sehemu kadhaa za gunia na kuwekwa katika mfuko safi wa plastiki, si kopo la bati. Ikiwa mnyama amekufa, daktari atachukua vipande vya ini na figo, kisha mzoga uzikwe kwa kina mbali na kisima na kibanja, ukiwa pamoja na ngozi yake.