Vocha ya mbolea: nani aliiona orodha?

Mtajie ruzuku mkulima wa Nyamiaga, hapa Ngara, naye atakuuliza: ya nani? Swali hilo lina historia.

Enzi za Mwalimu, mbolea ya kiwanda cha Tanga iliuzwa kwa bei iliyobebwa na serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ikapunguzwa hatua kwa hatua, na kufikia 1994/95 ikawa imekwisha. Ikarudi kidogo 2003 kwa njia ya kulipia usafiri wa mbolea. Katika mipango hiyo hapakuwa na orodha ya majina. Mwenye pesa alinunua, basi.

Orodha ilikuja na vocha. Majaribio yalifanyika Kilosa na Rungwe msimu wa 2007/08, kisha mpango ukapanuliwa, na 2009 Benki ya Dunia ikaukopesha dola milioni 160. Kaya ilipewa vocha tatu kwa eka moja ya mahindi au mpunga: ya mbegu, ya mbolea ya kupandia na ya mbolea ya kukuzia. Serikali ililipa nusu ya bei, mkulima nusu. (Sisi wa ndizi na maharage tulie tu.)

Majina yalitoka kwa kamati ya vocha ya kijiji, wanaume watatu na wanawake watatu, kisha yakapelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kwenye karatasi, uwazi gani tena unautaka?

Sasa sikilizeni. Mwaka 2012 watafiti Lei Pan na Luc Christiaensen walichapisha utafiti wao wa mkoani Kilimanjaro. Asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa ziliingia kwenye kaya zenye viongozi wa kijiji waliochaguliwa! Na walengwa walikoswa zaidi kwenye vijiji vya mbali na vile ambavyo tofauti ya kipato ni kubwa.

Sishangai. Mikutano yetu tunaijua: mtendaji anasoma majina haraka haraka, watu wako shambani, waliopo wanamwogopa mwenyekiti. Halafu ile nusu ya bei. Maskini aliyepata vocha akakosa pesa ya kujazia, alikuwa na vocha isiyo na kazi kwake, ila kwa wakala ilikuwa na kazi. Akaiuza kwa bei ya kutupa, mbolea ikaenda kwingine, na orodha ikaendelea kuonyesha jina lake kama mnufaika.

Mwaka 2022 vita ya Ukraine ikapandisha bei, na serikali ikatenga shilingi bilioni 150. Mfuko wa DAP uliopita shilingi 130,000 ukauzwa 70,000. Safari hii wakulima waliandikishwa kwenye mfumo wa kompyuta wa TFRA, kila mmoja na namba yake. Vocha za karatasi zikaisha, hilo nalipongeza. Lakini jina likiingia kwenye kompyuta, jirani analisomea wapi? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa tunayo tangu 2016. Nani atamwandikia barua ofisa kuuliza habari za mifuko miwili?

Ninachotaka ni karatasi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Jina, kitongoji, eka zilizoandikishwa, mifuko iliyochukuliwa. Namba za simu ziachwe. Mtu akiandikisha eka 10 za mahindi, na sisi tunaijua migomba yake, tutasoma hapo hapo.