Meza ya Jumapili Bukavu: Historia ya Mlo wa Mapumziko Kando ya Ziwa Kivu

Utangulizi

Historia ya mji huelezwa mara nyingi kwa kufuata watawala wake, vita vyake na majengo yake. Mlo wa siku ya mapumziko hautajwi, kana kwamba ni jambo dogo lisilostahili kalamu ya mwanahistoria. Makala haya yanauchunguza mlo huo katika mji wa Bukavu, makao makuu ya Kivu ya Kusini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Yanadai kwamba swali la mahali pa kula siku ya Jumapili, ambalo kwa wenye nafasi ni swali la starehe, huko Bukavu limekuwa swali la haki: nani anayo siku ya kupumzika, nani anaruhusiwa kukaa ufukoni, na nani ana hakika ya kurudi nyumbani salama baada ya kula.

Bukavu si kisiwa, lakini maji yameukumbatia kiasi kwamba wakazi wake huishi karibu kama watu wa kisiwani. Rasi tano zimejitokeza ndani ya Ziwa Kivu, takriban meta 1,460 juu ya usawa wa bahari, na upande wa kaskazini kipo kisiwa kikubwa cha Idjwi. Ziwa halina mamba, na hewa yake si ya joto kali. Sifa hizo ndizo zilizowavutia Wabelgiji, wakaufanya mji huo kuwa mahali pa makazi na mapumziko yao.

Siku ya posho na siku ya yenga

Kabla ya kuitazama sahani, yafaa kuisikiliza lugha. Katika Kiswahili cha pwani, siku huhesabiwa baada ya Ijumaa. Ndiyo maana Jumamosi ikabeba namba ya kwanza. Katika Kiswahili cha Kongo, hasa kile cha Katanga, hesabu huanzia Jumatatu, iitwayo siku ya kwanza, na juma hufungwa kwa siku mbili zenye majina ya pekee. Jumamosi ni siku ya posho. Jumapili ni siku ya yenga, neno lenye nasaba na Kilingala, ambamo eyenga ni sikukuu.

Majina haya mawili yana historia ndani yake. Sheria za kazi za Kongo ya Wabelgiji ziliwataka waajiri wawape wafanyakazi wao chakula au thamani yake, na chakula hicho kiligawiwa kwa juma. Nchini Uganda neno posho lilihamia kwenye ugali wenyewe. Kongo lilihamia kwenye siku ya mgawo. Kwa hiyo mwisho wa juma wa mfanyakazi ulizaliwa katika foleni ya unga, kisha ukapokewa na kengele ya kanisa. Bukavu, mji wa utawala, misheni na mashamba ya walowezi, ulilelewa katika utaratibu huohuo.

Tofauti na Ulaya ni kubwa. Mwaka 1895 mwandishi Mwingereza Guy Beringer alipotetea mlo mmoja wa Jumapili uchukue nafasi ya staftahi na chakula cha mchana, mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba waliokesha Jumamosi wapate kulala. Kwa mfanyakazi wa Kivu, kilichopanga saa ya kula ni misa, maji ya kuteka na moto wa kuwasha.

Vyakula vya mlo huo navyo vilitoka pande nyingi. Maharagwe na ndizi ni vyakula vikuu vya Bashi, wenyeji wa eneo hilo, na ndizi ndizo zinazotoa kasiksi, pombe ya karamu. Mhogo ulitoka Amerika kwa njia ya Atlantiki. Unga wake huliwa kama bugali, na majani yake huitwa sombe. Msomaji wa pwani atayatambua majani hayo kwa jina la kisamvu, na wa Kinshasa kwa jina la pondu.

Ufuko uliofungwa

Kituo cha kikoloni kilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1927 mji ulipewa jina la Costermansville, kwa kumkumbuka Paul Costermans, aliyewahi kuwa naibu gavana mkuu. Jina la Bukavu lilirudishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Katika kipindi hicho chote mji uligawanywa kwa rangi. Ibanda, pamoja na rasi zake, ilikuwa makazi ya Wazungu. Kadutu, iliyo mlimani, ilikuwa ya Waafrika. Na Bagira ilijengwa katika miaka ya 1950 kwa mpango wa ofisi ya serikali ya makazi ya Waafrika, iliyoundwa mwaka 1952.

Mgawanyo huo uligawa pia meza. Mzungu alikula Jumapili akilitazama ziwa. Mwafrika aliyekuwapo ufukoni saa hiyo alikuwa mpishi, mtumishi wa mezani au mtunza bustani, na usiku alihitaji kibali ili kuonekana katika mtaa huo. Hata hivyo, mpishi huyo ndiye mtu pekee aliyezijua meza zote mbili. Alipika mayai na kumimina kahawa Ibanda, kisha akapanda Kadutu kula bugali na watu wake. Historia ya upishi wa Bukavu haiwezi kukamilika bila yeye, ingawa nyaraka hazikulihifadhi jina lake.

Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 uliondoa kibali, lakini bei ilibaki langoni. Baada ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega kuanzishwa mwaka 1970, watalii waliokuja kuwaona sokwe walipitia Bukavu, na hoteli za mjini zikawahudumia. Hoteli ya Résidence katika barabara kuu, na Orchids Safari Club iliyo ufukoni, zikawa majina ya kutajwa kila ilipozungumzwa starehe ya mwisho wa juma. Mkazi wa Kadutu aliweza sasa kuingia kisheria. Alichokosa ni fedha.

Samaki mgeni aliyegeuka mwenyeji

Kitu kimoja kiliuvuka mpaka huo. Nacho ni sambaza, samaki mdogo anayekaangwa mzima na kuliwa pamoja na kichwa chake. Wengi humdhani kuwa wa ziwa hilo tangu enzi za mababu, kumbe sivyo. Kati ya mwaka 1958 na 1960, vifaranga vyake vililetwa kutoka Ziwa Tanganyika na kumwagwa katika Ziwa Kivu, kwa sababu maji yake ya wazi hayakuwa na samaki wa kula viumbe vidogo vinavyoelea humo. Uvuvi wake ulishika kasi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Wavuvi hutoka usiku katika mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti, wakiwa na taa za kumvutia samaki kwenye wavu.

Sambaza, basi, karibu ana umri mmoja na uhuru. Amepakuliwa katika sahani za hoteli za ufukoni, na amepimwa kwa vikombe katika masoko ya Kadutu na Nyawera. Samaki ni yuleyule. Kinachotofautiana ni kiti na mandhari. Chakula ambacho leo kinautambulisha mji kililetwa na utawala wa kikoloni katika siku zake za mwisho, lakini wavuvi, wachuuzi na wapishi wa Bukavu ndio waliokifanya kuwa chao.

Jumapili na vita

Mlo wa mapumziko unahitaji usalama kuliko unavyohitaji fedha. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika mji kuanzia Agosti hadi Novemba. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Kivu. Vita vilifika mjini Oktoba 1996, Agosti 1998 na Juni 2004. Wapiganaji wa M23 walipolishika eneo la katikati ya mji tarehe 16 Februari 2025, ilikuwa Jumapili.

Katika kila tukio la namna hii, meza huathirika mapema. Uvuvi wa taa ni kazi ya usiku, na usiku ukiwa wa hatari, soko la asubuhi hukosa samaki. Barabara ikifungwa, unga hupanda bei. Mwaka 2025, baada ya mji kutekwa, kampuni ya Heineken, mmiliki wa kiwanda cha bia cha Bralima kilichokuwa Bukavu tangu wakati wa ukoloni, ilitangaza kwamba imepoteza usimamizi wa shughuli zake mjini humo. Hivyo hata chupa ya Jumapili ina nafasi katika kumbukumbu za vita.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mlo wa Jumapili wa Bukavu ulitokana na mgawo wa unga, ukatenganishwa na sheria za rangi, ukapata samaki wake kutoka ziwa lingine, na umekatizwa na vita mara kwa mara bila kufutika. Ushahidi mwingi wa safari hiyo haumo katika majalada ya serikali. Umo katika maneno kama posho, yenga, sombe na sambaza, na katika kumbukumbu za wapishi na wachuuzi. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotoka Kivu wana nafasi bora ya kuyakusanya maneno hayo, pamoja na maelezo ya wazee wanaoyatumia, wakati wasemaji wake wa kizazi cha kwanza cha uhuru wangali hai.