Vilima Havikandwi

Nimesoma rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi inayotaka vilima na nyanda za wazi za Bariadi zilindwe kwa "ukandaji wa maeneo", yaani "zoning" ya Kiingereza. Nia ni njema, neno ni baya. Kukanda ni kazi ya unga na maji, au ya mkono juu ya mgongo unaouma. Kamati iliyolipitisha neno hilo ingelitamka mara moja tu mbele ya wazee wa Ntuzu, hukohuko Bariadi, ingelifuta papo hapo.

Wengine, kwa kukwepa unga, wamekimbilia "ukanda". Hawakukumbuka kwamba katika siasa zetu ukanda ni kupendelea watu wa upande wenu, ndugu wa ukabila na udini. Nayo "kanda" ina kazi yake tayari: Simiyu, mkoa wa Bariadi, imo Kanda ya Ziwa. Wanajitetea kwamba "zone" ya Kiingereza imetoka kwa Wagiriki, waliotumia jina la mshipi, na ukanda kwetu ni mshipi. Sawa. Lakini Wagiriki walitaja umbo: maeneo ya joto na baridi yanayoizunguka dunia kama mshipi kiunoni. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 haishughuliki na umbo, bali na uamuzi: hapa makazi, hapa malisho, hapa pasiguswe. Istilahi ifuate tendo.

Tendo hilo Kiswahili kinalo, nalo ni kutenga. Tunatenga fedha, tunatenga mbegu, tunatenga chakula mezani. Nami nashikilia kwamba kutengenea na kutengemaa ni watoto wa mzizi huohuo, kwa sababu kilichowekwa mahali pake ndicho kinachotengemaa. Tena mzizi unazaa kinyume chake bila msaada wa kamati: kama kufunga na kufungua, ndivyo kutenga na kutengua. Siku mamlaka itakapokiondolea kilima ulinzi, mwananchi atajua kwa neno moja kilichofanyika. "Ukandaji" utatenguliwa kwa neno gani? Sifa itokanayo na kutenga, "tengefu", nayo imeshazoeleka: tuna mapori tengefu bara na maeneo tengefu baharini. Kilima tengefu kinaeleweka pasipo kamusi.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu, kwamba kutengwa ni adhabu. Usukumani aliyekaidi sungusungu hutengwa na kijiji kizima. Kwangu hiyo ndiyo nguvu ya neno: hutengwa kwa uamuzi wa wote, na hakuna anayethubutu kuuvunja peke yake. Kilima cha matambiko kinahitaji uamuzi wa aina hiyo.

Wanaopendekeza neno la Kisukuma "ngitili" wako karibu nami kuliko wanakamati. Msukuma alikuwa akiipanga ardhi kabla ya ramani, akitofautisha mawe ya juu, kichanga cha luseni na udongo mweusi wa mbuga, na akifunga ngitili masika ili mifugo ipate majani kiangazi kikikaza. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza 1986 Bariadi ikiwa bado mkoani Shinyanga, ulifufua ngitili nyingi kwa kuifuata desturi hiyo. Lakini ngitili ni hifadhi ya malisho na miti. Ni aina moja ya eneo lililotengwa. Haiwezi kubeba pia eneo la viwanda au la soko. Ibaki na heshima yake.

Matumizi: kutenga, utengaji wa maeneo, eneo tengefu. Maneno haya yatasemwa mkutanini, kwa kuwa mpango hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji.

Haraka ipo. Vilima vya Wamangola (Dutwa) na Ngasamo (Busega) vina nikeli, na mwenye leseni ya kuchimba huja na maneno yaliyonyooka. Mwanakijiji hawezi kutetea kilima kwa neno asiloweza kulitamka kwa uhakika mkutanini. Wenye rasimu, futeni "ukandaji" kabla rasimu haijapigwa mhuri.