Jembe, Kapu na Mkono Uliovunjika

Wahenga walitwambia: ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Methali hii tumeipanua hadi ikaingia chumbani mwa mke na mume, tukaifanya kufuli la mdomo wa jirani. Hatukuuliza lakini: aliyepigwa akivunjika mkono, jembe atalishika nani, na hilo kapu litajaa nini?

Jibu lake huonekana wazi mahali kama Mofu, katika bonde la Kilombero, ambako Ifakara ndio mji wao. Huko mwaka hupimwa kwa mpunga. Mvua zikianza, wengi huhamia mashambani. Hulima, hupanda, hupalilia, huamia ndege na mwisho huvuna, na sehemu kubwa ya kazi hizo iko mikononi mwa wanawake. Mpunga haungoji jeraha lipone. Mke akilazwa wiki mbili za palizi, magugu hayamwonei huruma. Nauli ya kufika hospitali Ifakara hutoka katika magunia ya mwaka jana, na dada au binti anayemuuguza naye huacha shamba lake au masomo yake. Kofi la usiku mmoja huja likahesabiwa mwezi wa kuvuna, na watoto ndio walipaji.

Sheria ilianza mapema kulitazama jambo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, ilitamka katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Neno zuri, ila kifungu chenyewe hakikutaja adhabu, na aliyejeruhiwa kwa miaka mingi aliagizwa kwanza akachukue fomu ya polisi, ile PF3, ndipo atibiwe. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikakubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Hapo jasho la jikoni likapata thamani mahakamani. Hata hivyo mama aliyekata rufaa hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa amezitumia vibaya.

Kuhesabu maumivu yenyewe kulichelewa zaidi. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani, uliotangazwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba miongoni mwa wanawake waliopata kuwa na mume au mwenzi, asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 mkoani Mbeya walikwisha kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu naye. Mwaka 2013 shirika hilo likaeleza kuwa waliofanyiwa hayo hupatwa na sonona karibu mara mbili zaidi ya wenzao, na uwezekano wao wa kuzaa watoto wenye uzito mdogo ni mkubwa zaidi. Basi pigo humfikia hata ambaye bado hajazaliwa.

Mwaka 2014 Benki ya Dunia ilitaja kwamba uzalishaji unaopotea Tanzania kwa ukatili huu wafikia takriban asilimia 1.2 ya pato la taifa. Si kidogo, lakini hesabu kama hiyo ni vigumu kumwona mpaliliaji wa Mofu, ambaye hana mshahara wa kukatwa. Hasara yake haiandikwi popote. Huonekana katika ghala lisilojaa na katika ada isiyolipwa.

Sitaki kuitupa methali ya wazee, kwani ina hekima yake kwa ndugu wenye kuzozana kwa maneno. Palipo na damu haifai. Hapo jirani auweke ukutani huo mwiko wa kutoingilia, abishe hodi, amsindikize mwenzake kituoni na hospitali, kisha arudi amsaidie palizi kabla magugu hayajashinda.