Shule zikifungwa kwa theluji Marekani: siku zilizopotea hufidiwaje?

Ni saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Januari. Simu inalia. Si ndugu anayepiga kutoka nyumbani, ni ujumbe wa shule: leo shule zimefungwa kwa sababu ya theluji. Watoto wanafurahi na kurudi kulala. Wewe una zamu ya saa moja asubuhi, na hujui nani atabaki nao.

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa kutoka Kongo, zimepewa makazi katika miji yenye theluji kama Louisville, Dayton, Grand Rapids na Portland ya jimbo la Maine. Makala haya ni kwa ajili yako ikiwa umeshafika huko, ikiwa bado uko kambini au makazini na una watoto wa ndugu wanaosoma huko, au ikiwa wewe ni jirani unayeulizwa maswali haya. Hayaelezi taratibu za safari. Yanaeleza jambo moja: siku ya shule iliyopotea huwa haiishii hapo, na namna itakavyofidiwa inaweza kubadilisha mipango ya familia yako.

Kwa ufupi

- Hakuna sheria moja ya nchi nzima. Kila jimbo huweka idadi ya siku au saa za masomo kwa mwaka.
- Siku iliyopotea inaweza kufidiwa mwezi wa Juni, wakati wa likizo, kwa kurefusha siku za shule, au kwa kusomea nyumbani.
- Siku nyingine hazifidiwi kabisa, kwa sababu kalenda ilikuwa na akiba au jimbo limezisamehe.
- Siku ya kusomea nyumbani ni siku ya shule. Mtoto asipofanya kazi aliyopewa anaweza kuandikwa kuwa hakuhudhuria.

Nani anaamua kufunga shule?

Neno "wilaya ya shule" linaweza kukuchanganya. Si wilaya ya utawala kama tunavyoijua huku kwetu. Ni eneo lenye shule zake za umma, bajeti yake, mabasi yake na bodi yake, ambayo mara nyingi huchaguliwa kwa kura na wakazi. Mji mmoja na mji wa jirani wanaweza kuwa wilaya mbili tofauti. Ndiyo maana watoto wako wanaweza kubaki nyumbani huku watoto wa rafiki yako, aliye kilomita chache tu kutoka kwako, wakienda shule.

Msimamizi mkuu wa wilaya ndiye huamua, kwa kawaida usiku au kabla ya alfajiri. Watu wake huzunguka barabarani kuona kama mabasi yanaweza kupita. Kinachotazamwa si wingi wa theluji tu. Barafu nyembamba barabarani inaweza kuwa hatari zaidi kuliko theluji nyingi, na baridi kali peke yake inatosha kufunga shule, kwa kuwa watoto husubiri basi wakiwa nje. Mara chache uamuzi hutoka juu zaidi. Tarehe 6 Januari 2014, gavana wa Minnesota, Mark Dayton, alifunga shule za umma za jimbo zima kwa sababu ya baridi.

Siyo kila ujumbe unasema shule imefungwa. Wakati mwingine shule huanza saa mbili baada ya muda wa kawaida, na mabasi huchelewa vivyo hivyo. Wakati mwingine watoto hurudishwa nyumbani mapema kwa sababu dhoruba inakuja mchana. Soma ujumbe mpaka mwisho kabla ya kumtoa mtoto nje kwenda kusubiri basi.

Kwa nini siku iliyopotea inahesabiwa?

Kwa sababu sheria ya jimbo inadai kiasi fulani cha masomo kila mwaka, na fedha ambazo jimbo huipa wilaya zinaweza kutegemea kutimizwa kwa kiasi hicho. Majimbo huhesabu kwa njia tofauti:

- Massachusetts huhesabu siku. Wanafunzi wanatakiwa kusoma siku 180, na kila wilaya hutakiwa kupanga siku 185 tangu mwanzo wa mwaka. Hizo 5 za ziada ni za dharura kama theluji.
- Ohio iliacha kuhesabu siku, sasa inahesabu saa: angalau saa 910 kwa darasa la 1 hadi la 6, na saa 1,001 kwa darasa la 7 hadi la 12.
- Michigan huhesabu vyote viwili: siku 180 na saa 1,098. Lakini siku 6 za kwanza zinazopotea kwa sababu zisizozuilika huhesabiwa kana kwamba shule ilikuwa wazi.

Tofauti hii ina maana kubwa kwako. Tuchukue mfano wa shule ya msingi ya Ohio inayofundisha saa sita na nusu kwa siku, siku 175 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya saa 1,137, wakati sheria inadai 910. Shule hiyo ikifungwa siku 7 bado imevuka kiwango cha jimbo, na huenda watoto wasifidie chochote. Katika jimbo linalodai siku 180 kamili, siku 7 hizohizo zinaweza kusogeza mwisho wa mwaka kwa wiki moja au zaidi.

Njia zinazotumika kufidia

Bodi ya wilaya hupitisha kalenda mapema, kwa kawaida kabla mwaka wa masomo haujaanza. Mara nyingi kalenda hiyo huonyesha siku za kufidia. Njia za kawaida ni hizi.

*1. Akiba iliyopangwa.* Wilaya hupanga siku au saa zaidi ya zinazotakiwa na sheria. Majira ya baridi yakiwa mepesi, akiba haiguswi. Yakiwa mazito, inaliwa kwanza kabla ya njia nyingine.

*2. Kuongeza siku mwishoni.* Hii ndiyo njia inayojulikana zaidi. Shule iliyotakiwa kufungwa mwanzoni mwa Juni inaendelea hadi katikati ya mwezi.

*3. Kuchukua siku za likizo.* Siku ambayo watoto walipaswa kupumzika, kwa mfano sikukuu ya Marais mwezi wa Februari au baadhi ya siku za likizo ya majira ya kuchipua, inageuzwa kuwa siku ya shule.

*4. Kurefusha siku.* Wilaya huongeza dakika kila siku. Siku moja ya masomo ya saa 6 ni dakika 360. Ukiongeza dakika 10 kila siku, baada ya siku 36 umefidia siku moja. Kwako maana yake ni kwamba saa ya basi kufika au kurudi inabadilika, na inaweza kubaki hivyo kwa miezi kadhaa.

*5. Kusomea nyumbani.* Zamani baadhi ya wilaya za New Hampshire na Ohio ziliwapa watoto kazi za karatasi za kufanya siku ya theluji. Sasa kazi nyingi ziko kwenye kompyuta. Majimbo mengi huweka kikomo: Pennsylvania na Minnesota huruhusu hadi siku 5 kwa mwaka, na mpango wa Kentucky uliwekwa kwa siku 10.

*6. Kusamehewa.* Dhoruba au maafa yakizidi, wilaya inaweza kuliomba jimbo liondoe baadhi ya siku. Msamaha huo huwa hauji upesi, na wakati mwingine haujulikani mpaka majira ya baridi yapite.

Huku kwetu tatizo hili tunalijua kwa sura nyingine. Kenya ilipofunga shule mwezi wa Machi 2020, mihula na likizo zilifupishwa ili kurudisha muda uliopotea, na kalenda haikurudi katika hali yake ya kawaida mpaka Januari 2023. Mwaka 2024 mafuriko yalichelewesha kufunguliwa kwa muhula wa pili hadi katikati ya Mei. Iwe ni maji au theluji, muda lazima utafutwe mahali fulani, na mara nyingi unatoka kwenye likizo.

Siku ya kusomea nyumbani: hapa wengi hukosea

Mzazi akisikia "shule imefungwa" huelewa kwamba hakuna shule. Lakini ujumbe unaweza kusema kwamba jengo limefungwa na masomo yanaendelea nyumbani. Siku hiyo huhesabiwa katika kalenda, kwa hiyo haitafidiwa mwezi wa Juni. Mahudhurio pia huchukuliwa. Kila wilaya ina njia yake: mtoto aingie kwenye programu ya shule, azungumze na mwalimu, au amalize kazi ndani ya muda fulani. Asipofanya hivyo anaweza kuandikwa kuwa hakuwepo. Siku za kukosa shule bila ruhusa zikiwa nyingi, shule hutuma barua ya utoro, na katika baadhi ya majimbo jambo hilo linaweza kumfikisha mzazi mahakamani.

Mitambo pia hushindwa. Tarehe 13 Februari 2024 jiji la New York lilifunga majengo ya shule na kuwaambia wanafunzi wasome kwa intaneti. Asubuhi hiyo familia nyingi zilishindwa kuingia kwa sababu mfumo ulilemewa. Likikutokea jambo kama hilo, usinyamaze. Fanya hivi:

- Piga picha ya skrini inayoonyesha kosa, na uandike saa.
- Mpigie simu au mwandikie mwalimu siku hiyohiyo.
- Kama hamna intaneti au kompyuta haifanyi kazi, sema wazi na uombe kazi za karatasi. Katika wilaya nyingi mwanafunzi hupewa siku za ziada kumaliza.
- Shule ikifunguliwa, uliza mwalimu aliandika nini kwenye mahudhurio. Kama si sahihi, omba irekebishwe.

Mambo yanayogusa familia yako

*Kazi.* Mwajiri hatakiwi kufunga kazi kwa sababu shule imefungwa, na wengi wanaolipwa kwa saa hawalipwi wasipofika. Zungumza na msimamizi wako kabla ya majira ya baridi, umweleze kwamba una watoto wadogo. Kubaliana na jirani au ndugu: leo wewe utakaa na watoto wote, safari nyingine yeye. Usiwaache watoto wadogo peke yao. Huku kwetu mtoto wa miaka 8 anaweza kumlea mdogo wake mchana kutwa, lakini huko jambo hilo linaweza kuleta polisi au maofisa wa ulinzi wa watoto mlangoni.

*Chakula.* Watoto wengi hula kifungua kinywa na chakula cha mchana shuleni bure au kwa bei ndogo. Siku ya theluji milo hiyo miwili inarudi kwako. Weka akiba ya unga, mchele na maharage ya siku mbili tatu.

*Safari za Juni.* Usinunue tiketi ya ndege kwa kufuata tarehe ya mwisho iliyochapishwa mwezi wa Agosti. Tafuta kwenye kalenda siku za kufidia, kisha panga safari baada ya hizo. Kijana aliye mwaka wa mwisho wa sekondari aulize pia kama tarehe ya mahafali na mitihani itabadilika.

*Lugha.* Shule zinazopokea fedha za serikali kuu zina wajibu, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, wa kuwapa wazazi taarifa muhimu kwa lugha wanayoielewa. Unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Usimtegemee mtoto wako akutafsirie kila kitu. Mtoto anayetaka kulala hawezi kuwa mkalimani mzuri wa ujumbe unaosema kuna masomo.

Maswali ya kuuliza shuleni kabla ya Desemba

1. Je, namba yangu ya simu mliyo nayo ni sahihi, na lugha iliyoandikwa ni Kiswahili?
2. Ujumbe wa kufunga shule unatumwa saa ngapi, na kwa njia gani?
3. Wilaya yetu ina siku ngapi za akiba mwaka huu?
4. Akiba ikiisha, siku zitafidiwa lini? Likizo gani inaweza kuguswa?
5. Je, kuna siku za kusomea nyumbani? Mahudhurio yanachukuliwaje?
6. Mtoto wangu atapewa kompyuta, na kama hatuna intaneti tufanye nini?
7. Mtoto anayepata msaada wa Kiingereza au wa mahitaji maalumu atasaidiwaje siku hiyo?

Kama simu yako ilibadilika baada ya kuhama nyumba, anza na swali la kwanza leo. Ujumbe ukienda kwenye namba ya zamani, mtoto wako atasimama peke yake kwenye baridi akisubiri basi ambalo haliji.

Kisha chukua kalenda ya wilaya, zungushia kwa kalamu siku za kufidia, na uibandike kwenye friji. Ukipokea ujumbe alfajiri, jiulize mambo mawili: je, leo ni mapumziko au ni siku ya kusomea nyumbani? Na kama ni mapumziko, siku hii tutailipa lini?