Jahazi Ukutani

Siku za Idi uwanja wa Makadara, Mombasa, hufurika watoto na pembea. Ukitoka hapo ukashika njia ya baharini, hata hujachoka, umeshafika Fort Jesus, ngome ambayo watu wa zamani waliiita Gereza. Neno hilo lina kisa chake. Wareno walikuwa na kanisa mle ndani, na kanisa kwao ni igreja. Waswahili wakalitamka wajuavyo. Waingereza nao walipoigeuza ngome kuwa jela, tangu 1895 hadi 1958, jina likawa limesadifu.

Wageni wengi huja kupiga picha na mizinga. Wachache husimama mbele ya lipu iliyochorwa kwa weusi wa makaa na kwa ngeu, ule udongo mwekundu ambao maseremala hupigia mstari kwenye mbao. Ni michoro ya askari na mabaharia Wareno wa karne ya 17. Hakuna aliyewatuma wala kuwalipa. Walichora kwa sababu zamu ni ndefu na ukuta mweupe hutia ushawishi.

Zamu zilikuwa ndefu kweli. Ngome ilianza kujengwa 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na chombo cha kutoka Goa hakikuja kwa amri ya mtu, kilikuja na kaskazi. Upepo ukigeuka kuwa kusi, mwanajeshi aliyebaki Mombasa alijua kwamba barua, mvinyo na habari za nyumbani vitasubiri miezi. Kazi yake ikawa ni kuitazama bahari.

Basi akachora alichokiona: watu, samaki, hata kinyonga mmoja, ambaye bila shaka alikuwa mtulivu kuliko kielelezo chochote kingine. Zaidi ya yote akachora vyombo. Zipo merikebu za Ulaya zenye milingoti mingi, yapo majahazi ya Waarabu yenye tanga la pembe tatu, na upo mtepe. Huu wa mwisho ndio wa kutulia nao. Mtepe haukupigwa msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba, tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba, na omo lake lilinyanyuka kama shingo ya ngamia. Vyombo hivyo vilitoweka baharini katika karne ya 20, kwa hiyo anayetaka kujua sura yake leo hutegemea mifano midogo ya mbao, picha chache za kamera na michoro kama hii. Aliyechora hakuwa fundi, lakini alikuwa ameutazama sawasawa.

Haifai kudhani kwamba Wareno ndio waliolileta pwani tendo hili la kuchora vyombo ukutani. Gedi, Kilwa na Songo Mnara kuna majahazi yaliyokwanguliwa kwa ncha kali kwenye lipu ya majumba ya mawe. Mwaka 1964 Peter na Margaret Garlake waliyakusanya katika makala moja, na wasomi wa ubaharia wamekuwa wakiyarudia tangu hapo. Kuta hizo ni za watu ambao mapambo yao rasmi yalikuwa maua na nakshi, si viumbe. Pengine chombo kilikuwa ruhusa. Au pengine ni mtoto tu, baba yake yuko safarini, na mama hakumwona kwa wakati. Mwenye nyumba aliyegharimia chokaa ile hakufurahi, hilo twaweza kulikisia.

Karne ya 20 ilileta njia nyingine ya kuweka kumbukumbu, nayo ni studio. N. V. Parekh alifungua yake Mombasa mwaka 1942, na familia zikawa zinakwenda zikiwa zimevaa nguo zao bora: maharusi, marafiki wawili wa kike walioshona kitambaa kimoja. Mtu angedhani kamera ingeua mkono wa mchoraji.

Wapi. Miaka ya 1990, kwenye kivuko cha Likoni, wapiga picha wengi wao kutoka bara walipanga vibanda vyao, na nyuma ya kila mteja kulikuwa na pazia lililopakwa rangi na mchoraji wa mjini: ndege, tembo, majumba ya ghorofa. Na meli. Mteja alikuwa kibarua wa bandarini, au dada wa kazi aliyepewa ruhusa ya nusu siku, mwenye shilingi zake za picha moja. Feri yenyewe ilikuwa inapiga honi nyuma ya kibanda, ya bure kabisa, lakini yeye aliomba asogezwe kidogo kushoto ili ile ya rangi, yenye madirisha mengi na moshi unaopaa, ionekane yote. Kisha picha ikatiwa kwenye bahasha, ikapelekwa kwa mama yake na basi la usiku.