Kamera Iliyotoka Kharkiv

Nilikwenda kwa mzee kumhoji, nikarudi na kamera yake. Msimamizi wa tasnifu yangu hajui mpaka leo. Akisoma hapa, basi nimeshakiri.

Tasnifu inahusu Watanzania waliosomeshwa Umoja wa Kisovieti. Walianza kwenda kipindi cha uhuru, wengi wakiwa wadogo kuliko mimi: wengine Moscow, kwenye chuo kilichofunguliwa mwaka 1960 na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba, wengine Kiev, Leningrad, Kharkiv. Mzee wangu alisomea uhandisi Kharkiv miaka ya sitini. Tulikaa barazani kwake Temeke saa tatu nzima, akanieleza baridi, posho, na jinsi alivyolala na koti wiki ya kwanza. Nilipozima kinasa sauti aliingia ndani, akatoka na mkoba wa ngozi ulioachia nyuzi. Ndani mlikuwa na FED-2.

"Nauza," alisema, kabla sijauliza chochote.

Dawa za presha za bibi zilikuwa zimepanda bei. Nilitaja kiasi nilichokuwa nacho kwenye simu, naye akakubali upesi mno. Upesi ule unanisumbua kuliko kiasi chenyewe. Lakini aliweka sharti. "Mkanda wa kwanza utupige sisi, mimi na bibi yako. Picha tuliyo nayo pamoja ni ya harusi tu, na hiyo imeliwa na mchwa."

FED-2 ilitengenezwa kuanzia mwaka 1955 hadi 1970. Ni chuma kitupu, haina betri wala kipima mwanga, na baada ya dakika kumi shingo inajua kwamba imebeba kitu. Ni kamera ya kipima umbali. Ukichungulia kidirishani unaona doa la njano katikati, na ndani ya doa kila kitu ni viwili: nguzo mbili, watu wawili wanaofanana. Hii ni kwa sababu kamera inatazama kwa matundu mawili yaliyoachana milimita 67, karibu sawa na macho ya mtu. Ukizungusha lenzi, kijimkono kilicho ndani kinasukumwa na ile picha ya pili inasogea. Zikilaliana mpaka zikawa moja, umepata umbali. Rafiki yangu anayesoma fasihi alisema huo ni mfano mzuri wa kazi ya mwanahistoria. Nilimwomba aache.

Jumamosi iliyofuata nikawakalisha babu na bibi kwenye kochi, nikapiga kwa kujiamini sana. Wiki hiyo nikausafisha mkanda mwenyewe bafuni, kwa dawa niliyoagiza kwa msafiri. Picha zilikuwa zimejaa nukta nyeupe, kama watu waliokaa sebuleni chini ya anga la usiku. Pazia la kitambaa linalofungua na kufunga mwanga lilikuwa limetoboka matundu madogo madogo. Wenyewe walikuwa ukungu mtupu, wakati kalenda ya ukutani nyuma yao ilisomeka mpaka tarehe. Yaani kipima umbali kilikuwa kinadanganya, tena bila aibu.

Sikuwa na mkanda mwingine. Wa pili ulichukua mwezi kufika, na mwezi huo ndio niliosoma kamera hii ilikotoka. Nilidhani FED ni jina la kampuni. Kumbe ni herufi za kwanza za mtu: Felix Edmundovich Dzerzhinsky, aliyeunda Cheka, polisi ya siri ya Wabolsheviki, Desemba 1917. Watu kwa maelfu walipigwa risasi na chombo hicho. Mtu huyohuyo, mwaka 1921, alikabidhiwa tume ya kuboresha maisha ya watoto, maana vita na njaa vilikuwa vimemwaga mamilioni ya watoto mitaani na kwenye vituo vya treni. Alifariki mwaka 1926. Mwaka uliofuata, polisi wa siri wa Ukraine wakafungua makao ya vijana wa mitaani nje kidogo ya Kharkiv, wakayapa jina lake. Wa kuyaendesha alikuwa mwalimu Anton Makarenko, ambaye aliamini mtoto aliyezoea kuiba haponi kwa mahubiri ila kwa kazi, nidhamu na wenzake.

Vijana hao wakaanza kutengeneza mashine za umeme za kutobolea. Kisha wakapewa Leica II ya Wajerumani, iliyotoka kiwandani Wetzlar mwaka huohuo wa 1932, wakaambiwa waitengeneze kama ilivyo. Hebu fikiria. Leica ilifanya kazi kwa vipimo ambavyo jicho halivioni, na hawa miaka michache nyuma walikuwa wanalala chini ya madaraja. Sampuli za kwanza zilipatikana kabla mwaka haujaisha, na mwaka 1934 FED zikaanza kutoka kwa wingi. Ninapozungusha lenzi ninawafikiria wao kuliko Dzerzhinsky, ingawa yangu ilitengenezwa baadaye sana, katika kiwanda cha watu wazima.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi tamu. Tatizo ni miaka yenyewe. Mwaka 1932 na 1933 ndiyo miaka ya njaa kuu ya Ukraine. Serikali ya Stalin iliwanyang'anya wakulima nafaka, ikawazuia kutoka vijijini kutafuta chakula, na mamilioni wakafa. Kharkiv, wakati huo mji mkuu wa Ukraine ya Kisovieti, ilikuwa katikati ya maeneo yaliyoumia zaidi. Wakulima waliofanikiwa kupenya waliangukia kando ya barabara za mji. Baadhi ya picha chache za njaa hiyo zilizopo zilipigwa humohumo Kharkiv, mwaka 1933, kwa siri, na Alexander Wienerberger, mhandisi Mwaustria aliyekuwa akifanya kazi pale. Mji mmoja, msimu mmoja: ndani ya uzio vijana wanajifunza kutengeneza kamera, nje watu wanakufa na karibu hakuna anayeruhusiwa kuwapiga picha.

Mkanda ulipofika, pazia lilikuwa tayari. Nililipaka rangi nyeusi ya kitambaa, tabaka jembamba sana, kwa kijiti cha meno. Kipima umbali nilikirekebisha Ocean Road, nikiwa na bisibisi ya miwani, nikilenga meli zinazosubiri kuingia bandarini. Kitu kilicho mbali kiasi hicho kinatakiwa kiwe kimoja lenzi ikifika mwisho. Meli yangu ilikuwa mbili. Nilizungusha skrubu ndogo mpaka ya pili ikaingia ndani ya mwenzake. Vijana wawili waliniuliza kama ninapima bahari.

Nikarudi Temeke. Safari hii nilimuuliza mzee kama alijua jina lililoandikwa kwenye kamera yake.

"Dzerzhinsky?" Alicheka. "Sisi tulimjua kama uwanja. Mkubwa, unakatiza mpaka pua inaganda."

Uwanja huo sasa unaitwa Uwanja wa Uhuru. Tarehe 1 Machi 2022 kombora la Urusi lilipiga jengo la utawala wa mkoa lililo pale, na mzee aliliona kwenye taarifa ya habari, akalitambua kabla mtangazaji hajataja mji. Siku zilezile wanafunzi wa Kiafrika walikuwa wanahangaika kutoka Ukraine, wengi wakisimulia jinsi walivyosukumwa nyuma kwenye treni na mipakani. "Nilihesabu vituo vyao vyote," aliniambia. "Ile reli naijua."

Nikamuuliza kuhusu njaa. Alinyamaza, nikadhani nimevuka mpaka.

"Hakuna aliyetuambia," alisema. "Ila kulikuwa na mama mmoja jikoni, bwalo la wanafunzi. Ukibakiza mkate, anakusema. Kisha anapitisha kiganja mezani, anakusanya makombo yote, anayatia mfukoni. Tulimwita bakhili. Tulimcheka kwa Kiswahili, mbele yake."

Alitikisa kichwa. "Mjukuu wangu, nina picha za theluji, za sanamu, za Mghana mmoja na baiskeli. Yule mama sikumpiga hata moja."

Sikuandika kitu. Nilipima mwanga kwa kubahatisha, lenzi wazi mpaka mwisho kwenye 2.8, kasi ya moja ya thelathini ya sekunde, viwiko vimebanwa mbavuni. Bibi alitaka kwanza abadilishe kanga, akabadilisha, kisha akaona ile ya mwanzo ilikuwa bora. Nikapiga tano.

Nne zilitikisika. Ya tano ni hii: babu anatazama pembeni, amekunja uso kidogo kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, na bibi anatazama lenzi moja kwa moja. Ukali umeangukia mkononi mwake, ulioshika mkono wa babu juu ya goti. Juu kulia kuna nukta moja nyeupe, tundu lililonikwepa.

Niliichapisha, nikawapelekea kwenye fremu, pamoja na pesa kidogo niliyoona inapungua katika bei ile ya kwanza. Pesa alizikataa. Picha aliiinua kwenye mwanga wa mlango, akaitazama kwa muda, akampa bibi. Bibi akaigeuza kwanza nyuma, kuona kama tumeandika tarehe. Hatukuwa tumeandika. Mzee akaagiza kalamu.

Halafu akanionyesha kamera iliyokuwa begani kwangu. "Zimebaki ngapi?"

"Kumi na moja, babu."

Jikoni sufuria ziligongana. Binti anayewapikia alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, mgongo wake umegeukia mlango.

"Basi nenda ukampige na yule," alisema. "Umwombe kwanza."